Rambirambi Kutoka Sebuleni

Machuki hulehemu trela za miwa pale Awendo, na mashine yake haishikwi na mtu mwingine. Chuma, husema, kinataka mkono wa mwenyewe. Mambo madogomadogo kama ndoa na sala ameiachia simu.

Simu humtungia ombi la kufungua Sabato, waumini wakasifu upako. Humwandikia mteja kwamba trela imechelewa kwa sababu "changamoto zimejitokeza", na changamoto yenyewe imelala kitandani mpaka saa nne. Zamani alidanganya kwa kigugumizi. Siku hizi anadanganya kwa ufasaha.

Mkewe Mong'ina alipofiwa na mama, alikuwa akilia jikoni, Machuki yuko sebuleni. Hatua sita, ukizunguka stuli. Mwanamume akatuma ujumbe: "Pokea rambirambi zangu za dhati, wewe na familia yako yote." Kwa hiyo alijipa pole na yeye mwenyewe. Baada ya mazishi Mong'ina alibaki kwao Oyugis.

Ulipoingia mwezi wa pili tangu mazishi, Machuki akaenda kumchukua. Alimpenda kweli, na alikwenda kwa woga. Katika boma lile mkwe aliyekosa hamiminiwi chai mpaka asimame na kulitaja kosa lake kwa kinywa chake. Akasimama, akatoa simu, akasoma. Maneno yalikuwa matamu ajabu: alijutia "kila lililokuumiza", akaahidi "kuwepo kikamilifu". Marcella, shangazi wa Mong'ina, akatafuta leso.

Baba mkwe, Mzee Nyamweya, akauliza, "Sasa kosa ni gani?"

Kidole cha Machuki kikapanda na kushuka kwenye kioo. Kosa halikuwemo. Hakuwahi kuiambia simu, maana aliionea aibu.

"Huyu mwenye ameandika ana adabu sana," mzee akasema. "Mwambie akuje yeye amchukue. Mong'ina, toa hizo vikombe."

Mong'ina akavikusanya vikiwa vikavu, bila kumtazama.

Nje ya geti machozi yakamtoka Machuki. Alimkumbuka mama mkwe akimnywesha uji kijiko kwa kijiko, siku tisa za malaria, na yeye hakuwahi hata kusema asante. Alitaka kumwambia Mong'ina hilo, na kwamba siku ile aliogopa kuingia jikoni kwa sababu hakujua aseme nini. Maneno yalimjia yenyewe, mabovu, yamekatikakatika, na yangetosha kabisa. Geti lilikuwa bado wazi.

Akatoa simu iyapange vizuri kwanza.