Watumbatu Hawatoki Kwenye Picha

Muuza kahawa mmoja wa Darajani aliwahi kuniapia, mpaka vikombe vikagongana mkononi mwake, kwamba Watumbatu hawatoki kwenye picha. Unampiga picha Mtumbatu, unapata mkeka aliokalia, basi. Nikaamini mzimamzima, mimi niliyemaliza masomo ya usiku na cheti nimekitundika sebuleni juu ya televisheni.

Na ushahidi nilikuwa nao. Kila Jumapili sahibu yangu, fundi cherehani wa mtaani kwetu Mji Mkongwe, hunipakia kwenye Vespa yake, kamera yangu ya mtumba kifuani, tukaizunguka Unguja kutafuta picha. Raha ile haisemeki! Mangapwani tulilala kifudifudi mchana kutwa tukimvizia kaa mmoja, tukarudi na mchanga masikioni, tunacheka mpaka Vespa inayumba. Lakini sokoni Mkokotoni, pale wanapovukia watu wa kisiwa cha Tumbatu, kila nikipiga napata ndoo ya dagaa. Ndoo ipo, mizani ipo, mtu hayupo! Nywele zilinisimama kama msumari. Hata sahibu yangu mwenyewe, mama yake Mtumbatu na baba yake mtu wa mjini, alikuwa anatoka nusu: mkono mzima, uso ukungu. Hesabu ikakubali.

Sikumwambia. Basi siku moja akanifuata, uso umembadilika.

"Jumapili twende Mkokotoni kwa bibi, mzaa mama. Nataka umpige picha. Simu yangu hii ya kitochi haifai kitu."

"Kuna nini?"

"Mama alikufa mimi mdogo, hajaacha picha hata moja. Watu wote husema alifanana na bibi, kama kapigwa mhuri. Nnaanza kuusahau uso wake, sahibu."

Nikakubali. Utamwambiaje mtu kwamba bibi yake hatoki?

Tulimkuta uani, ungo mapajani, anachambua mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Huyu ndo mpiga picha wako? Mbona mwembamba hivi, kwao hawapiki?"

Sahibu akamweleza haja yetu. Nikanyanyua kamera. Nikafumba macho kama ilivyo kawaida yangu, nikasoma kila dua niliyoijua, nikabonyeza.

Nikatazama kioo cha nyuma ya kamera. Ungo. Mchele. Kuku mmoja juu ya mchele. Bibi hakuna!

"Kayeyuka!" nilipiga ukelele, nadhani Tumbatu nzima ilinisikia. "Wallahi bibi kayeyuka!"

Sahibu akaninyang'anya kamera, akatazama, midomo ikamcheza. "Hata huyu nimkose?" alisema, taratibu, mpaka nikaona haya.

"Nani kayeyuka?" Bibi alikuwa anatoka mlangoni, anajifunga kanga mpya inayonukia udi. "Mtu apigwe picha na kanga ya jikoni, n'na wazimu? Mfukuzeni huyo kuku!"

Akakaa, akajiweka sawa. "Na wewe, fumbua macho."

Nikabonyeza nimeyakodoa kama taa za gari. Bibi akatoka mzima, mpaka na mwanya wa meno. Sahibu akakishika kile kioo kwa mikono miwili, akakitazama weee, mwisho akasema, "Ndiye." Halafu akageukia ukutani, akajifuta macho kwa mkono wa shati.

Mimi bado nimeduwaa. Nikamweleza bibi yote: muuza kahawa, ndoo, mizani, na mjukuu wake anayetoka nusu. Alicheka mpaka akajishika mbavu.

"Mjukuu wangu huyu hajui kutulia, ndo mana uso wake ukungu," alisema. "Na wale wa sokoni wana nguo za kazi, wala hujawaomba. Wanakuona unanyanyua kamera, wewe unafumba macho unaomba dua, wao wanaondoka zao. Waombe kwanza. Wakikubali, piga macho wazi, watatoka."