Boti Isiyonguruma ya Makoongwe

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Ngwali Hamad amesimama majini mpaka magotini kwenye pwani ya Makoongwe, ameshika spika ndogo nyeusi kama mtu aliyeshika kuku aliyemfia mkononi. Anaitikisa. Anaigeuza juu chini. Maji ya mvua ya usiku yanachuruzika kutoka ndani yake.

"Inna lillahi," anasema. "Yaani hii imechagua leo ndiyo ife?"

Nyuma yake boti iko tayari. Betri zimejaa, mota ya umeme imeshushwa majini. Kilichokosekana ni sauti. Na bila sauti, Ngwali anahofia hatapata abiria hata mmoja, tena siku ambayo jioni yake watu wa kisiwa watakutana kwa sheha, kiongozi wao wa shehia, kuamua: boti ya sola ibaki, au irudishwe kwa mradi ulioileta?

Mgeni atauliza, boti na spika wapi na wapi?

Makoongwe ni kisiwa kidogo mkabala na Mkoani, na kwa miaka ishirini watu wake walivuka na Ngwali kwa mashine ya petroli. Hakuna aliyehangaika na saa. Ngwali akishaiwasha mashine, aliiacha ingurume kwanza ipate moto, na kisiwa kizima kikasikia. Kwa mngurumo huo mwenye kufagia aliweka ufagio, mwenye mtoto alimtafutia kiatu cha pili, na Bi Mize muuza vitumbua akaepua vya mwisho. Wakifika pwani, boti ndiyo inang'oa nanga. Hivyo ndivyo walivyozoeana.

Kisha ukaja mradi wa nishati safi. Wakajenga kibanda pwani, wakakiezeka kwa paneli za sola, wakafunga mota ya umeme. Masharti yalikuwa miezi sita ya majaribio, baada ya hapo watu wenyewe waseme.

Ngwali, mwenye umri wa miaka hamsini na mbili, hakuhitaji miezi sita. Ile mashine ilikuwa ikinywa lita sita za petroli kwa siku.

"Zaidi ya nusu ya nauli nilikuwa naimimina kwenye tangi," anasema. "Na sikio langu la kushoto limekwenda na mashine hiyo hiyo. Daktari kaniambia, mzee, hili lishachoka, litunze lililobaki."

Leo jua likichomoza ndiyo petroli yake. Siku za mawingu mazito hupunguza safari moja, basi. Mashine ya zamani alimuuzia Mohsin, mwenye duka la vipuri Mkoani, na wala hakuisindikiza kwa macho.

Lakini raha iliyomshangaza ni ya kusikia. Miaka yote ile aliwavusha watu bila kujua wanasema nini. Safari ya kwanza ya mota, kina mama wawili walikaa tezi, nyuma karibu na nahodha, wakaanza mazungumzo yao kama kawaida.

"Huyu nahodha naye kanenepa," mmoja akasema. "Huoni boti inavyolalia upande wake?"

"Nakusikia, bibi," Ngwali akajibu.

Nusura waanguke baharini. Toka siku hiyo, anasema, watu wa Makoongwe wamekuwa na adabu majini.

Tabu ilikuwa nchi kavu. Boti ilikuwa kimya, na kisiwa kikabaki kinasubiri mngurumo usiokuja. Siku ya pili iliondoka na watu watatu. Ilikuwa imefika katikati ya mkondo pale Bi Mize alipotokea pwani, ndoo ya vitumbua kichwani.

"Weye Ngwali!" akapaza sauti. "Watoroka kama mwizi wa kuku! Vitumbua hivi nimuuzie nani mie, kaa wa mchangani?"

"Matusi yake yalifika Mkoani kabla yangu," anacheka Ngwali. "Na kwa kuwa mota haina kelele, sikukosa hata moja."

Wiki ile waliachwa wengi. Maneno yakaanza: boti hii ya kishetani, inakuja kama paka, irudi ya petroli. Aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote ni Bi Mize, na Makoongwe, Bi Mize akisema, nusu ya mji imeshasema.

Ngwali akafikiri. Nyumbani kulikuwa na baragumu la pembe, la marehemu babu yake. Alfajiri moja akalitoa, akalifuta vumbi, akasimama pwani akalipuliza kwa nguvu zake zote.

Alisahau jambo moja tu. Baragumu kisiwani halipulizwi bure. Likilia, kuna aliyezama au aliyekufa.

Watu wakamiminika. Wanawake walikuwa wameshaanza kulia njiani, kila mmoja akimlilia wa kwake. Vijana wa msikitini walifika na jeneza mabegani.

"Nani?" wakauliza. "Nani kafa?"

"Hakufa mtu," akajibu Ngwali, baragumu mkononi. "Boti inaondoka."

Bi Mize akajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Mwanangu," akasema, pole pole, na upole wa Bi Mize ni wa kuogopwa kuliko makelele yake, "mie nishakulilia weye. Nakuona upo, nasikitika. Hebu sikiliza. Sitaki baragumu, sitaki honi. Nataka mngurumo wangu. Nirejeshee."

Siku hiyo hiyo Ngwali akaenda kwa Mohsin. Ile mashine kuukuu ilikuwa bado ipo dukani. Akamwomba aiwashe ndani ya pipa la maji, ili airekodi kwenye simu.

"Yakhe," Mohsin akashika kiuno, "mashine umeniuzia, sasa wataka mngurumo? Na mngurumo ni wangu pia. Haya, chukua, nakusamehe."

Basi tangu hapo, kila alfajiri, boti ya jua ilinguruma kwa spika mpaka watu wakajaa, kisha Ngwali akabonyeza kitufe kuizima na wote wakaondoka katika ukimya. Hakuachwa tena mtu. Ikawa hivyo miezi mitano, mpaka mvua ya jana usiku.

Ngwali anaitupa spika ndani ya boti na kuketi. Mbingu zinaanza kupauka. Anahesabu moyoni atamwambia nini sheha.

Mara anasikia ndara zikipiga mchangani. Ni fundi cherehani. Nyuma yake mama na mtoto, viatu vyote viwili. Kisha wengine, na wengine. Wa mwisho ni Bi Mize, ndoo kichwani, jasho usoni.

"Sabalkheri, Bi Mize," anasema Ngwali, kwa woga. "Leo spika…"

"Nimeisikia, nimeisikia!" anamkatiza. "Tena leo umeifungulia mno. Nilikuwa bado na kikaango motoni."

Watu wanatazamana. Fundi cherehani anaziba mdomo kwa kofia yake asicheke. Ngwali anamshika mkono Bi Mize, anampandisha, na boti inaondoka bila kusema neno.

Jioni kwa sheha, Bi Mize alisimama wa kwanza. "Boti ibaki," alisema. "Mie mwanzo niliipinga, nakiri. Lakini sasa naisikia mpaka usingizini." Walionyoosha mikono kuikataa walikuwa wawili, na mmoja ni muuza petroli.

Sasa Ngwali ana matumaini ya boti ya pili, ya kuvusha wagonjwa usiku bila kugonga milango kutafuta mafuta. Watu wa mradi wamesema watalitazama. Spika hakuitengeneza tena, na hakuna anayeiulizia; miguu ya watu imeshaizoea saa.

Ameomba tu Bi Mize asiambiwe kwamba alfajiri ile spika haikulia. Hilo halina shida. Magazeti Bi Mize huyanunua kwa kilo, kufungia vitumbua. Atakayeyasoma haya ni mlaji, na mlaji wa vitumbua vya Bi Mize hana muda wa kusema.