Mtoto wa Saba wa Mama Pasi

Wodi nzima tulimlilia mtu ambaye hajawahi kuwepo duniani.

Ndivyo tulivyodhani.

Mimi ni fundi rangi. Niliteleza kwenye ngazi, ghorofa ya pili, mgongo ukavunjika. Nilipozinduka miguu ilikuwepo, ila kama ya mtu mwingine.

Kitanda cha jirani alilala mama mmoja, mapafu yamechoka. Miaka mingi alipasi nguo kwenye duka la dobi, basi tukambandika jina: Mama Pasi. Mpole kupita kiasi. Hata akitaka maji, anaomba radhi kwanza.

Mchana mmoja, joto limetubana, akasema, "Wanangu, niwape hadithi?"

Akaanza. Mafuriko yameizingira shule. Watoto saba wamekwama juu ya paa. Mpishi wa shule anajifunga kamba kiunoni, anawavusha mgongoni, mmoja mmoja, hadi kilimani.

Kila siku alituvushia mtoto mmoja tu, halafu pumzi zinamwishia.

"Mama Pasi, hapo chumvi imezidi!" nikamtania. "Huyo ni mpishi au trekta?"

Akacheka hadi akakohoa. "Hadithi tu, mwanangu."

Lakini ikifika saa nane mchana, hata muuguzi anajifanya kupanga vidonge karibu yetu.

Siku ya saba alisimulia polepole. Maji yamemfika mpishi kifuani. Mtoto bado yupo. Akambeba, akamfikisha, akamkausha nywele kwa sketi yake. Mtoto akalala.

Wodi ikalia. Mimi ambaye tangu nianguke sikuwa nimetoa chozi, nililia kwa kwikwi.

Asubuhi yake Mama Pasi hakuamka.

Binti yake akaja kuchukua vitu: ndala, kitana, miwani iliyofungwa uzi.

"Pole, mdogo wangu," nikamwambia. "Mama alitushika mkono humu na ile hadithi ya mpishi na watoto wa paani."

Akaacha kufungasha. "Aliwasimulia? Wa saba alifika?"

"Alifika. Akalala usingizi."

Akakaa kwenye godoro tupu, pwaa.

"Dada, mpishi huyo alikuwa mama mwenyewe. Tulifika sita. Mimi ni wa tatu. Wa saba alikuwa mtoto wake wa kumzaa."

Akaishika ile miwani ya uzi.

"Alimwacha wa mwisho. Aliogopa akianza na wake, atakosa moyo wa kuturudia sisi. Aliporudi mara ya saba, paa halikuwepo."

"Na wewe?"

"Wazazi wangu walisombwa siku hiyohiyo. Akanilea yeye. Miaka yote hiyo hakuwahi kulitaja jina la mwanawe. Nikimuuliza, anasema kuna shati la mteja linamngoja."

Akanisogelea.

"Nisimulie tena. Hapo alipofika."

Nikamsimulia. Maji kifuani, sketi, nywele, usingizi. Sikuruka kitu. Tunamaliza, mhudumu anatandika shuka kwa mgonjwa mwingine.

Miguu yangu haijarudi, na daktari ameacha kunipa moyo. Sina habari njema ya kuwapa.

Ila mtu wa kawaida akikusimulia hadithi ya kutunga, msikilize hadi mwisho. Huenda ni humo tu alimoweza kumfikisha yule ambaye maishani alishindwa kumvusha.