Kilo Sitini na Mbili

Kaka yangu wanamwita Mizani. Kuanzia rubani hadi mfagiaji, hakuna anayemwita kwa jina alilopewa na marehemu baba. Kwa miaka ishirini na mitatu amepima watu na mizigo kwenye kiwanja hiki kidogo, ambako ndege ya viti kumi na viwili hutua Jumatatu na Ijumaa, ikipenda. Mimi nauza chai mlangoni pa ukumbi wa abiria, kwa hiyo ninayosimulia nimeyaona kwa macho yangu, na yaliyonikera nitayasema.

Ukumbi wenyewe una viti kumi na vinne, vitatu vimevunjika. Choo ni kimoja, ufunguo anao mfagiaji, na mfagiaji mpaka umtafute. Gari la zimamoto lipo, linaoshwa kila wiki, ila betri yake iliazimwa na mkubwa mmoja mwaka juzi na hadi leo tunaingoja. Kazi za watu wanne anazifanya kaka peke yake: anapima, anaandika, anasukuma mkokoteni wa mizigo, halafu anakimbia kufukuza mbuzi kwenye njia ya kurukia kabla ndege haijatua. Akirudi ana jasho mpaka kwenye soksi. "Dada, nipe ya rangi," huniambia, anakunywa wima, na kikombe hakimalizi. Nimemwambia mara ngapi aombe likizo? Jibu lake ni moja: "Nikiondoka, nani atapima?" Utadhani dunia nzima ingebaki bila kupimwa!

Ndege ndogo haitaki utani. Kila abiria hupanda mizani na mkoba wake mkononi, kaka anaandika kilo, rubani anajumlisha. Zikizidi, wa mwisho kwenye orodha anabaki. Utaratibu huo aliuweka kaka mwenyewe, baada ya watu kukunjana mashati mbele yake. Tena akaongeza la kwake: ndugu wa mfanyakazi huandikwa mwisho, asije mtu akasema tunapendeleana.

Basi Ijumaa hiyo wa mwisho alikuwa wifi yangu, mke wake wa ndoa.

Wifi alikuwa mgonjwa kwa muda mrefu. Chakula hakipiti, tumbo linamkata, zahanati wamempa vidonge vya kila rangi. Miezi mitano tulingoja nafasi ya kipimo cha mashine katika hospitali kubwa, na nafasi ilikuwa kesho yake, Jumamosi, saa tatu asubuhi. Ukiikosa unarudi nyuma ya foleni, uanze kungoja upya. Barabara ilikuwa imekatwa na mvua. Ilikuwa ni ndege hiyo, vinginevyo ndiyo basi.

Alikuja na gauni lake la kijani, koti la kaka juu. "Wifi, umependeza! Unakwenda kupimwa au kuposwa?" nikamtania.

"Daktari akiniposa sirudi," akasema, akaketi kabla hajamaliza kucheka.

Kaka alipima watu kumi na mmoja. Alikuwa ametoka kwa mbuzi wake, macho mekundu. Wifi alipotaka kuinuka, akamzuia kwa mkono. "Kaa, mama, usijichoshe. Wewe nakujua." Akaandika sitini na mbili. Hiyo ndiyo tabia yake, watu anaowajua huwaandika kwa jicho, na sijapata kusikia amekosea zaidi ya kilo mbili. Mimi niliona ni huruma, nikaendelea kumimina chai.

Rubani akajumlisha, akatikisa kichwa. Jua lilikuwa la utosi, upepo hakuna, na saa kama hiyo ndege haibebi kama asubuhi. Mabegi matano yakaondolewa. Akajumlisha tena. "Bado zinazidi kilo kumi na tano, Mizani. Mizigo iliyobaki ni dawa za watoto, siwezi kuziacha."

Nikaweka birika chini. "Kaka, mwache mwingine! Huyu bwana wa tai anakwenda harusini, nimemsikia kwa masikio yangu!" Bwana wa tai akainamia simu yake. Wengine nao wakapata cha kuinamia. Kaka aliitazama orodha. Angesema neno moja tu. Naamini hata rubani alikuwa analingoja. Lakini kwa orodha hiyo hiyo ameshawaacha wake za watu na wagonjwa wa watu.

"Mama," akasema, "itabidi ubaki."

"Haya," wifi akasema.

Ndege ikaondoka. Nilikuwa na hasira ya kuweza kumpasua mtu. Nikamshika wifi mkono nimrudishe kitini, na ule mkono ndani ya koti ukanishtua.

"Wifi, hebu panda hapo kwenye mizani."

"Ya nini tena?"

"Panda!"

Akapanda na koti, na viatu, na mkoba. Mshale ukayumba, ukatulia. Arobaini na moja.

Kaka akaja, akaigonga mizani kwa kiganja. Arobaini na moja. Akamwomba ashuke, akapanda yeye, akashuka, akamwomba apande tena. Mimi nilishapiga hesabu: ishirini na moja pungufu, na ndege ilikuwa inadai kumi na tano. Kaka akatoka mbio hadi chumba cha redio. Nilimsikia akibembeleza. Rubani akamjibu kwamba hawezi kurudi, mafuta hayatoshi, atamwekea kiti Jumatatu. Jumatatu ya kazi gani?

Aliporudi, wifi alikuwa ameketi palepale juu ya bamba la mizani, miguu imemchoka.

"Lakini wewe ni sitini na mbili," kaka akasema. "Siku zote ni sitini na mbili."

"Mara ya mwisho ulinipima lini?"

Kaka akaitazama tena ile orodha mkononi.

"Magauni yangu nimeyapunguza mara mbili mwaka huu," wifi akasema, bila ukali wowote. "Nilikuwa nashona mbele yako. Ulikuwa umelala kitini, viatu miguuni."

Kaka akapiga magoti sakafuni, mbele yangu na mbele ya mfagiaji, machozi yanamtiririka. Akaanza kumfungua vifungo vya lile koti, kimoja kimoja, amtazame.