Jembe la Korongoni, Njia ya Kondoa

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa fimbo. Nilipewa ng'ombe mwekundu, Tumbaku, nimzoeze nira, ule mti unaofunga shingo za ng'ombe wawili wavute pamoja. Akanikanyaga kidole mpaka nikaona nyota mchana. Nyinyi mnaopanda lori mkalala hadi Kondoa, hamjui raha yenu!

Enzi hizo reli ya Wajerumani ilikuwa imefika Dodoma juzijuzi tu. Aliyeshuka stesheni akitaka kwenda Kondoa alikuwa na miguu yake, au magari ya ng'ombe ya tajiri wetu. Tulipakia wafanyabiashara, wake wa askari, chumvi na ngozi, vyote gari moja. Mimi, Mrangi wa Kondoa, nilikuwa mswagaji: natembea kando ya ng'ombe nikiwaita kwa majina. Mkubwa wetu alikuwa Bwana Msimamizi, Mjerumani mrefu, Kiswahili chake amri tupu. Ng'ombe akifa njiani, mswagaji anakula hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano. Nilimwona mwenzangu akila. Hakuweza kukaa kitako kwa muda mrefu.

Kiangazi kimoja tulifika korongo la katikati ya njia, ng'ombe ndimi nje. Ugogo, maji ya kiangazi huchimbwa mchangani, na kisima ni cha aliyekichimba. Mgeni huomba, hushika jembe akasaidia, kisha husubiri mifugo ya mwenyeji inywe. Safari iliyotangulia, Bwana aliwafukuza wenyeji kwa bunduki, tukanywesha sisi kwanza. Safari hii tukakuta mchanga mtupu, visima vyote vimefukiwa. Wenyewe wamekaa kivulini, wanatutazama.

"Waambie wafukue!" Bwana akafoka.

Tumbaku akapiga magoti palepale, haamki. Roho iliniuma jamani. Nilimpenda yule ng'ombe, na mgongo wangu niliupenda pia. Nikaweka fimbo chini, nikamwendea mama mmoja mtu mzima, mwenye kisima kikubwa.

"Mbukwenyi, mama," nikamsalimu kwa Kigogo. "Naomba jembe."

"Ehe! Leo Warangi mmejua kuomba?" Akacheka. "Na yule mwenye bunduki?"

"Ana kiu kama sisi, mama."

"Basi naye achimbe."

Nikamweleza Bwana. Uso ukamwiva. Nikajua leo nimekwisha. Akamtazama Tumbaku, akawatazama abiria waliokauka midomo, akavua kofia, akashuka korongoni.

Alichimba vibaya! Mchanga ulimrudia miguuni, akina mama mbavu hawana kwa kicheko. Lakini maji yalitoka. Wakanywa mbuzi wao, wakanywa ng'ombe wao, ndipo Tumbaku akanywa, nami nikalia bila aibu. Bwana alikunywa wa mwisho, kwa kibuyu kilekile tulichonywea sisi. Toka siku hiyo gari letu halikuondoka Dodoma bila majembe, na mgongo wangu mzima mpaka leo.

Sasa nimestaafu, nakaa karibu na korongo hilo. Magari ya ng'ombe yamekwisha, yamebaki malori, nayo yana kiu. Juzi dereva mmoja alipiga honi wee, anataka maji ya rejeta. Mjukuu wa yule mama akamnyooshea jembe tu.

"Mzee," dereva akaniuliza, "huyu ana nini?"

"Shuka, mwanangu," nikamwambia. "Hapa hata Mjerumani alichimba."