Jora la Sanda

Nauza sanda Kariakoo. Siku hiyo hedhi ilinitoka kama bomba lililopasuka, kizunguzungu kikanikalisha juu ya jora jeupe. Sikujali, kwetu nyumbani wanawake wote hedhi zetu ni nyingi.

Akaja mama mmoja aliyefiwa, na binti yake. Nilipoinuka kuwapimia kitambaa, wote wawili wakalikodolea macho jora. Nikajua wanadhani nawapunja.

"Mimi mwizi?" nikafoka, mdomo wangu huo! "Haya, pimeni wenyewe!"

Yule mama akavua khanga yake ya juu, akanifunga kiunoni. Ndipo nikageuka, nikaona doa jekundu pale nilipokuwa nimekaa.

"Nisamehe mama, ni siku zangu tu. Zangu huwa nyingi, nimezoea."

"Hata mwanangu, dada yake huyu, alikuwa anasema hivyohivyo," akanijibu. "Hiyo sanda ni yake."