Swali Ambalo Thadeus Hakuweza Kuuliza

Thadeus Ondieki alianza kupiga picha za eksirei katika hospitali ndogo ya misheni, nje ya Keroka, mwaka uliofuata Uhuru. Alijulikana kwa ukali wake mlangoni. Hakumruhusu mwanamke mwenye mimba kuingia chumba cha picha, ila maisha ya mwanamke huyo yawe hatarini. Na ili ajue, alimwuliza kila mmoja waziwazi, bila kupepesa macho. Siku moja mwaka 1971 swali hilo lilimshinda.

Aliyesimama mbele yake alikuwa Nyaboke, mke wa mtoto wa ndugu yake. Alikuwa amembeba bintiye, Jemimah, aliyevunjika mguu mara ya tatu hata kabla hajajua kutembea sawasawa. Kule kijijini kwao, Nyaramba, majirani walikwisha kumhukumu Nyaboke kwamba anampiga mtoto. Daktari mgeni, aliyekuwa akiwachunguza watoto wanaozaliwa na mifupa dhaifu, alishuku jambo jingine. Lakini bila picha safi hangeweza kumtetea. Naye Jemimah hakutulia ila mikononi mwa mtu.

"Mama yake atamshika," alisema daktari. "Mwulize kama ana mimba, tuanze."

"Daktari, mimi ni baba mkwe wake. Kwetu mtoto wa ndugu yangu ni mwanangu."

"Ni neno moja tu, Thadeus!"

"Nikilitamka, atajibu hapana hata kama ni ndiyo. Kwetu hiyo ndiyo chinsoni: baba mkwe na mke wa mwanawe hawazungumzi mambo ya uzazi. Ataona heri apigwe na mionzi kuliko kunijibu."

Nyaboke, macho yameinama sakafuni, alikwisha kunyoosha mkono kupokea aproni nzito ya madini ya risasi, ya kukinga mionzi. Thadeus aliirudisha msumarini, akatoka nje. Kwenye benchi aliketi Bathsheba, bibi kizee wa ukoo wao, akingoja dawa ya macho.

"Mama, nisaidie. Mweleze Nyaboke kwamba mionzi ya humu ndani haimfai kila mwanamke. Kisha wewe uniambie ni nani atamshika mtoto."

Bathsheba alimvuta Nyaboke kando ya ukuta. Yeye alikuwa na ruhusa ya kumtania, kama bibi yeyote na mke wa mjukuu.

"Wewe mke mwenzangu, mbona umenenepa na mahindi hayajakomaa? Au unakula peke yako gizani?"

Kicheko kilimponyoka Nyaboke, kisha machozi. Walinong'onezana kitambo. Bibi aliporudi kwa Thadeus, uso wake haukuwa na mzaha hata kidogo.

"Baba, mtoto nitamshika mimi. Nivike hiyo nguo yako nzito."

Thadeus aliitwaa aproni msumarini, akamvika.

Picha ilipokauka, daktari aliiinua juu dirishani, akaonyesha mifupa myembamba na makovu ya mivunjiko ya zamani. "Mtoto alizaliwa hivi," alimwambia Nyaboke. "Nitawaeleza majirani zako mimi mwenyewe."

Mwaka uliofuata Nyaboke alirudi kumleta Jemimah afungwe plasta, mzigo mdogo ukiwa mgongoni mwake. Alisimama mbali, kwa heshima.

"Umeamkaje, baba?"

"Nimeamka salama, mama. Jemimah hajambo?"

"Hajambo."

Habari za mgongoni hazikutajwa. Lakini Nyaboke alipoondoka, aligeuka polepole kuliko ilivyohitajika, na Thadeus akamwona mtoto, amelala, vijiguu vinene vikining'inia pande zote mbili.